BARAZA YA WAZAZI: Mtoto Akiuliza Habari za Nyota



Mwezi uliopita katika baraza hii tulizungumza juu ya watoto na kazi za shamba. Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo lisilotaka jembe wala fedha, nalo ni maswali ya watoto juu ya jua, mwezi na nyota, na juu ya watu wasafirio angani. Labda mtasema, "Mambo hayo ni ya walimu, tena ni ya watu wa Ulaya na Marekani. Sisi wa Handeni na Korogwe yatuhusu nini?" Basi twawaomba msome hata mwisho, kisha mwamue wenyewe.

Kila mzazi amepata kuyasikia maswali haya. Mtoto atembeapo na bibi yake wakati wa mbalamwezi huuliza, "Bibi, mbona mwezi watufuata?" Mwingine husema, "Baba, jua hulala wapi?" Na mwingine, aonapo kimondo kinapita, huogopa, akauliza kama nyota ile itaanguka juu ya nyumba yao. Sasa yatazameni majibu yetu. Wengi twasema, "Nyamaza, hayo ni mambo ya wakubwa." Na mtoto hunyamaza kweli. Lakini hakunyamaza kwa kuwa amejua, ila kwa kuwa amefundishwa kwamba kuuliza ni utovu wa adabu. Akinyamazishwa mara kumi, hatauliza tena habari za nyota. Wala hatauliza mbona mahindi ya shamba hili yamestawi na ya lile yamenyauka, wala mbona watoto wa mtaa fulani huugua tumbo kila masika. Mlango umefungwa, na sisi ndio tulioufunga.

Wazazi hufanya hivyo kwa sababu waona haya kusema hawajui. Lakini mtoto hahitaji mzazi ajuaye yote. Ahitaji mzazi atakayemwambia, "Njoo, tutazame pamoja." Na sisi wa nchi hii tumepewa vitu vingi vya kutazama.

Tuanze na swali la mwezi. Bibi aweza kujibu hivi: "Mjukuu wangu, kesho tukienda Mombo, kaa dirishani utazame njia." Kesho yake mtoto ataona mikonge iliyo kando ya barabara yapita mbio kurudi nyuma, na miti iliyo mbali kidogo yapita polepole, na milima ya Usambara yaonekana kama inafuatana na basi mwendo mrefu. Hapo bibi amwulize, "Je, milima imeondoka mahali pake?" Mtoto atacheka, atasema, "La, Bibi, haikuondoka, ila iko mbali." Basi na mwezi ni hivyo hivyo, nao uko mbali mno kuliko milima. Toka hapa hata mwezini ni kilometa 384,000 hivi. Mtu aendaye kwa miguu kilometa 30 kila siku, asipumzike hata siku moja, angetembea miaka 35. Mwendo wetu wa kutoka kisimani hata nyumbani si kitu mbele ya umbali huo, ndiyo maana twauona mwezi mahali pale pale, kana kwamba watufuata.

Jambo la pili ni kivuli. Chukueni kijiti kilichonyoka, urefu wake mita moja, mkisimike wima uani mahali pasipo na mti. Watoto waweke kijiwe mahali kinapoishia kivuli, kila nusu saa. Jioni wataona safu ya vijiwe. Asubuhi kivuli kilikuwa kirefu, kikielekea magharibi. Kikapungua hata adhuhuri. Kisha kikarefuka tena kuelekea mashariki. Kivuli kilicho kifupi kuliko vyote ndicho kionyeshacho kaskazini na kusini sawasawa. Hivyo watoto wamejipatia dira bila kuinunua.

Kazi hii ikifanywa mwaka mzima, hufunua jambo kubwa zaidi. Kwenye tarehe 21 Juni, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, nacho ni sentimeta 55 hivi. Kwenye tarehe 21 Desemba huelekea kaskazini, nacho ni sentimeta 33 hivi. Na katikati yake ziko nyakati mbili ambazo kivuli hutoweka kabisa, kikawa chini ya kijiti chenyewe. Kwetu Handeni na Korogwe ni kwenye tarehe 6 au 7 Machi, na tena kwenye tarehe 6 au 7 Oktoba. Mwezi wa Machi tazameni yapata saa sita na dakika 40 mchana, na mwezi wa Oktoba yapata saa sita na robo. Wala msistaajabu kwamba si saa sita kamili. Saa zetu zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 za mashariki, upitao mbali baharini mashariki ya Tanga, na jua hufika kwao kabla ya kufika kwetu. Tena mwendo wa jua hauko sawasawa kabisa mwaka mzima.

Mtoto wa London hawezi kuliona jambo hili kwao hata akae huko maisha yake yote, maana huko jua halifiki utosini kamwe. Mtoto wa Kwamkono na wa Mombo huliona mara mbili kila mwaka. Je, si neema hiyo?

Mwenye ndugu Songea na ampigie simu siku ile ya Oktoba, amwombe naye asimike kijiti cha mita moja. Korogwe hakuna kivuli, lakini Songea kivuli kifupi cha siku hiyo kitakuwa karibu sentimeta 10, kikielekea kusini. Kwa nini? Kwa sababu dunia ni mviringo, na mtu wa Songea amesimama mahali penye mwinamo mwingine kuliko sisi. Mtu mmoja jina lake Eratosthenes, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alitumia vivuli vya miji miwili ya Misri akapima ukubwa wa dunia yote. Watoto wa darasa la saba waweza kufanya hesabu kama yake. Tofauti ya Korogwe na Songea ni nyuzi tano na nusu, yaani sehemu moja katika 65 ya duara. Umbali wa kwenda kusini moja kwa moja ni kilometa 610 hivi. Zidisheni 610 kwa 65, mtapata karibu kilometa 40,000, nao ndio mzunguko wa dunia.

Jambo la tatu ni chungwa na taa. Usiku, taa moja tu iwake chumbani, hata koroboi yatosha. Taa ni jua, chungwa ni dunia. Mchome mwiba katika chungwa mahali pa Korogwe, kisha mlizungushe polepole. Mwiba huingia katika nuru, nako ni kucha. Hutoka, nako ni kuchwa. Mtoto aliyeuliza jua hulala wapi atajijibu mwenyewe kwamba jua halilali. Sisi ndio tuzungukao. Tena twazunguka kwa kasi ambayo hatuisikii, maana kila aliye Korogwe achukuliwa kuelekea mashariki zaidi ya kilometa 1,600 kwa kila saa.

Chungwa likiwa na upana wa sentimeta saba na nusu, mwezi utakuwa ndimu changa ya sentimeta mbili. Waulizeni watoto waiweke ndimu mbali kadiri wanavyodhani. Wengi wataiweka karibu karibu na chungwa. Mahali pake hasa ni mita mbili na robo. Na jua je? Jua litakuwa duara la mita nane, refu kupita nyumba zetu nyingi, nalo litawekwa mbali mita 880. Mwende pamoja hatua kama 1,100, kisha mgeuke mwangalie kule mlikoliacha chungwa. Mtoto aliyetembea hatua hizo hatausahau umbali huo.

Kisha mtoto aichome ndimu kwenye kijiti, aishike mbele yake kwa mkono ulionyoshwa, juu kidogo ya kichwa, ajizungushe polepole karibu na taa. Ataona ndimu ina weusi, kisha ukingo mwembamba wa nuru, kisha nusu, kisha yote. Hayo ndiyo mwezi mwandamo, nusu mwezi na mwezi mpevu. Nusu ya mwezi daima ina nuru. Kinachobadilika ni sehemu tunayoiona. Tena mwezi si jambo dogo kwetu. Sikukuu ya Pasaka huhesabiwa kwa mwezi mpevu, na jirani zetu Waislamu huanza na kumaliza mfungo wa Ramadhani kwa kuandama kwake.

Ndimu ikipita nyuma ya kichwa cha mtoto ikaingia katika kivuli chake, huko ndiko kupatwa kwa mwezi. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, na katika nchi yetu ulikaa mwekundu tangu saa mbili na nusu usiku hata karibu saa nne kasoro dakika nane. Wako waliotoka nje kutazama, na wako waliowafungia watoto ndani kwa hofu. Lakini kivuli cha dunia hakimdhuru mtu, wala mimba, wala mazao. Wekundu ule ni nuru ya jua iliyopita katika hewa ya dunia pande zote, kama wekundu wa machweo. Kutazama mwezi uliopatwa hakuna hatari yo yote.

Jua si hivyo. Hapa twawaonya wazazi kwa nguvu. Mtoto asilitazame jua kwa macho matupu, lipatwe au lisipatwe. Jua huunguza kiini cha jicho bila maumivu, na jicho lililoungua halirudi. Miwani ya jua haitoshi, wala maji ya beseni hayatoshi, wala kioo kilichotiwa masizi. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kama pete huko Rujewa, katika mkoa wa Mbeya, na sehemu nyingine za nchi lilipatwa nusunusu. Siku kama hiyo mpe jua mgongo, ukatazame chini ya mwembe. Nuru ipenyayo kati ya majani huchora juu ya ardhi vijua vidogo vingi, kila kimoja kimemegwa kama jua lenyewe. Tundu la sindano katika kipande cha karatasi lafanya vivyo hivyo.

Sasa tuje kwa nyota. Msidhani kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Wazee wetu walikitazama Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana, na jina lake latoka katika kulima. Mwezi wa Novemba Kilimia huchomoza jioni mashariki. Mwishoni mwa Aprili huonekana chini magharibi baada ya jua kuchwa, kisha hupotea katika nuru ya jua, na mwezi wa Juni huonekana tena alfajiri mashariki. Mabaharia wa pwani nao walizijua Zuhura, Mshtarii na Zohali. Basi msiwadharau wazee, bali waulizeni, kisha muwape watoto daftari waandike siku Kilimia kinapopotea na siku mvua ya kwanza inaponyesha, mwaka hata mwaka. Hapo maneno ya wazee yatapimwa kwa heshima, na yatakayosimama yatasimama.

Wasichana wasiachwe nyuma katika kazi hii. Mara nyingi msichana aendaye kuteka maji kabla ya kucha ndiye aionaye Zuhura ikiwaka mashariki, wakati kaka yake yu katika usingizi. Mwulizeni ameona nini njiani.

Mwezi wa Juni, saa mbili usiku, mtoto akitazama kusini ataona nyota nne za Msalaba wa Kusini, na kando yake nyota mbili kali zinazouelekea. Akigeuka kaskazini ataona nyota saba za Dubu Mkubwa. Watu wa kaskazini mwa Ulaya hawauoni Msalaba kwao, na watu wa kusini kabisa hawamwoni Dubu wote. Sisi twaviona vyote viwili kwa kugeuza shingo. Ile iliyo kali zaidi katika zile mbili za kando ni jirani wa karibu wa jua letu. Nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa kila sekunde, nayo hutoka kwenye jua hata kwetu kwa dakika nane na kitu. Lakini kutoka kwa nyota ile huchukua miaka minne na zaidi. Mtoto wa darasa la tano aitazamapo, aona nuru iliyoondoka huko alipokuwa akianza darasa la kwanza.

Na kimondo? Kimondo si nyota. Ni kipande cha jiwe au chuma, mara nyingi hakizidi punje ya mchanga, kiingiacho katika hewa kwa kasi hata kikaungua. Vikubwa hufika chini, lakini ni vichache sana. Kimoja kiko nchini mwetu, huko Mbozi katika mkoa wa Songwe. Urefu wake ni mita tatu hivi, na uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16. Sehemu yake kubwa ni chuma. Atakayekigusa ameshika kitu kilichotoka nje ya dunia.

Yabaki maneno ya wasafiri wa angani. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin wa Urusi aliizunguka dunia kwa dakika 108, naye ndiye mtu wa kwanza kufika huko. Tarehe 20 Februari 1962 Mmarekani John Glenn aliizunguka mara tatu. Je, mwajua kwamba kimoja cha vituo vilivyofuata safari yake kilikuwa Unguja, mahali paitwapo Tunguu? Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964. Na huko Malindi, pwani ya Kenya, Waitalia walisimamisha jukwaa baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi zilirusha kutoka hapo vyombo vya kuzunguka dunia. Walichagua mahali pale kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa kasi yake. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kilirushwa chombo kilichopewa jina la Kiswahili, UHURU. Kazi yake ilikuwa kuzitafuta nyota zitoazo miali kama ile ya picha za mifupa hospitalini, nacho kilikuwa cha kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Elimu ya nyota ya dunia nzima ilibadilika kwa chombo kilichoondoka pwani yetu, chenye jina ambalo kila mtoto wetu alielewa.

Hata leo, jioni baada ya jua kuchwa au alfajiri, pengine mtaona nyota kali isiyometameta, yapita kimya kutoka upande mmoja wa anga hata mwingine kwa dakika chache. Huenda ni kituo cha angani kiendacho juu yetu kilometa 400 hivi, kikiizunguka dunia kila dakika 90. Tangu Novemba 2000 watu hawajakosekana humo.

Wasomaji wapenzi, hatusemi kwamba kila mtoto wa Handeni atapanda roketi. Lakini tazameni jambo moja. Wako watu mijini na vijijini watozao fedha kwa kusema kwamba nyota ya mtu imechafuka, nao wataisafisha. Maskini huuza mbuzi na kuku kwa maneno hayo. Mtoto aliyepima kivuli mwaka mzima, aliyetembea hatua 1,100 kutoka chungwa hata jua, aliyejua kwamba nuru ya nyota ilianza safari kabla hajajua kusoma, atamwuliza mtu huyo, "Umepimaje? Nionyeshe." Swali hilo litamwokolea mbuzi wake leo, na kesho labda litamwokolea mtoto wake mgonjwa, maana atampeleka hospitali mapema.

Shuleni mtoto hukariri kwamba dunia huzunguka jua. Ni vema. Lakini aliyekariri bila kutazama ameazimwa maneno tu, na maneno ya kuazima hurudi kwa mwenyewe mtihani ukiisha. Yaliyo yake ni yale aliyoyaona kwa macho yake, na mzazi wake akiwa kando.

Basi mwezi huu fanyeni jambo moja tu: simikeni kijiti uani. Na mtoto akiwauliza msilolijua, msione haya. Semeni, "Sijui, mwanangu, njoo tutazame."

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya maji ya kunywa na namna ya kuyatunza nyumbani. Kaeni salama.